Mayi Ilifika Mbele ya Jibu

Ku Yaya Ngoie, Kamina

Yaya wangu,

Nakusalimia weye na bote ba mu nyumba. Mugongo yako inaendelea namna gani? Mihogo mulipanda? Minyi niko muzima. Mutoto wetu Marthe iko muzima. Bwana yangu Antoine haiko tena. Nilitafuta namna ingine ya kuandika ile neno, sikupata.

Inchi ilitetemeka mu muchana. Nilikuwa nimemupelekea Antoine chakula ku gare ya train, mu chumba yake ya telegrafu. Ukuta ikapasuka. Nikamuambia, "Tuende."

Akasema, "Ngoja. Shefu wa gare anataka tuulize kwanza poste ingine ya telegrafu ya ku ziwa kama mayi iko sawa, njo tupige kengele. Weye beba mutoto, panda ku mulima. Nitakufuata."

Nikapanda na Marthe ku mugongo. Kule juu nikageuka. Mayi ya Tanganyika ilikuwa imerudi nyuma, mitumbwi imelala mu matope, na bamama ba soko banaokota samaki. Niliita. Hawakusikia. Kisha mayi ikarudi. Haikupiga kelele sana. Ikapita juu ya gare.

Waya ilipotengenezwa, ile poste ikatuma neno: "Na kwenu ilitetemeka?" Kwao pia mayi ilifika saa ileile. Shefu mwenyewe, mwenye alipona, njo alinisomea.

Sasa ametoa amri: inchi ikitetemeka sana, kengele ipigwe, bantu bapande, hapana kungojea neno ya kutoka fasi ingine. Juzi ilipigwa. Tulikaa ku mulima, mayi haikukuja. Bengine balilia. Minyi nilisikia njaa tu. Tukashuka, nikapika bukari ya mihogo.

Antoine hawakumupata. Umuambie mama mukwe wangu, lakini kwanza akule. Asingojee maiti.

Tutakuja na train, minyi na Marthe, wakati njia itatengenezwa. Nguo yetu haikubaki. Utuletee kitambaa ya kuvaa ku gare ya Kamina.

Unisalimie shemeji fundi wa motere kule Base ya basoda, na bibi yake mwenye mimba. Unisalimie baba padri, aliyetufungisha ndoa. Umuombe atusomee misa, hata bila jeneza.

Na usimutie Marthe mu beseni, Yaya. Akiona mayi mingi anakaza mikono ku shingo yangu. Mupanguse na kitambaa tu, polepole.

Ni minyi, mudogo wako,
Mujinga, mama ya Marthe