Hina ya Safari ya Makka

Garissa, Jumatano, baada ya swala ya Alasiri. Joto na vumbi.

Assalamu alaikum, wewe unayenisoma. Hujambo? Watu wa nyumbani kwako wazima? Kama kuna mgonjwa kwenu, Allah amponye. Mimi mwili mzima, alhamdulillah, ila vidole vinawaka moto, na moyo ndio sijui nikuambie nini.

Wanaonijua wanajua kazi yangu. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa mjini: harusi, akika, khitma. Nikisikia kuna nikaha mahali najua sufuria zangu zitatoka. Sasa, kabla ya Ramadhani, kijana mmoja anayepeleka mahujaji, Abdirashid, alikula chakula changu harusini akaja hadi nyuma jikoni na sahani yake mkononi. Akasema wazee anaowapeleka Makka wanakataa chakula cha hoteli, wanalilia anjera, ile mikate yetu ya maji, na supu ya mbuzi kama watoto walioachishwa ziwa. Akanitaka niende nikawapikie msimu wa Hija, kisha nirudi. Visa ya kazi, ya muda mfupi.

Sikumuuliza mshahara. Nilimuuliza kama jiko liko mbali na Haram, msikiti wenye Kaaba.

"Habaryar," akaniambia, maana kwetu mwanamke wa umri wangu ni mama mdogo wa kila mtu, "ukimaliza kuosha vyombo, unatembea tu kwa miguu."

Nilikaa juu ya gunia la vitunguu nikalia mbele ya watu.

Mimi si mtu wa kwenda Hija kwa mali yangu. Ukame ulipopita na mifugo yetu, nilijiambia basi, Kaaba nitaiona kwenye televisheni ya jirani. Halafu Mungu akanifungulia mlango, tena wa jikoni. Nilisema, huyu ni Rabbi, anajua mimi napatikana wapi.

Pasipoti ikatoka. Vipimo vya hospitali vikapita. Kilichobaki kilikuwa kwenda Nairobi kutoa alama za vidole.

Sasa sikiliza tulivyofanya.

Kwetu mtu haendi safari ya namna hiyo kimyakimya. Siku moja kabla sijapanda basi, akina mama wa mtaa walikuja na maziwa ya ngamia na bun, ile kahawa ya kukaanga kwa samli, wakasoma dua, kila mmoja akaninong'oneza shida yake nikamwombee kule. Binti yangu Fardosa akaleta bakuli la hina. Alikuwa ameichanganya na piko iwe nyeusi, ikae. Akanichora viganja vyote, kisha akachovya ncha za vidole, kimoja kimoja, mpaka zikawa nyeusi tititi kama zabibu kavu. "Hooyo," akasema, ndivyo anavyoniita mama, "mtu haendi kwa Mtume na mikono mitupu."

Nilimbusu kwenye paji la uso. Mikono yangu haijawahi kupendeza vile, hata siku niliyoolewa.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria mashine.

Kule Nairobi, ofisi ya visa, kijana wa dirishani alikuwa na adabu. "Mama, weka tena. Bonyeza kidogo. Futa halafu uweke tena." Nikaweka, nikafuta, nikaweka. Kioo cha mashine kikawa kinatoa taa nyekundu tu. Akashika kidole changu akakitazama.

"Mama, hii ni nini umepaka?"

"Hina."

"Ya harusi?"

"Ya safari."

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja wa Mombasa, mchangamfu, akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada yangu weee! Wenzako hupaka wakishapata visa!" Na mimi nikacheka. Nilidhani ni jambo la kucheka. Kijana akaniambia nirudi ikififia.

Ikififia! Hina yenye piko kwenye ncha ya kidole haifutiki, inangoja ngozi ikue na kuondoka nayo. Na Abdirashid alikuwa ameshaniambia majina ya wafanyakazi yanafungwa wiki hii.

Nikarudi kwa binamu yangu niliyefikia kwake, mtaa wa Islii, nikaanza. Ndimu na chumvi. Magadi. Dawa ya meno. Jiki. Mwishowe nikachukua lile jiwe la kusugulia visigino, nikakaa bafuni nikasugua vidole vyote huku nasoma Ayatul Kursiyy. Ilitoka, wallahi ilitoka. Vidole vikawa vyekundu, kisha vyeupe. Nikafurahi.

Jumatatu nikarudi dirishani nikiwa mtu wa kwanza. Nikaweka mkono kwenye kioo. Safari hii hata taa nyekundu ilikawia, kama mashine yenyewe inashangaa. Kijana akanitazama, na nikaona ana huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza.

"Mama, sasa rangi haipo," akasema, "lakini na alama hazipo."

Nilikuwa nimezisugua zote.

Ngozi itaota, akasema, nije baada ya wiki kadhaa. Baada ya wiki kadhaa mahujaji watakuwa Mina.

Nimerudi nyumbani jana. Mzee wangu, baba Fardosa, alinisikiliza hadi mwisho, akageuza tasbihi, akasema, "Qadar Allah." Kisha akaongeza: "Kuna wezi wanatafuta vidole kama vyako." Yeye hunifariji hivyo. Baadaye nilimwona ameelekea ukutani, mabega yanatikisika, na hakuwa anacheka.

Fardosa sikumwambia ukweli. Nilimwambia mashine ilikuwa mbovu. Uongo, astaghfirullah, lakini ningemwambiaje? Amenichora mkono kwa mapenzi, nimwambie mapenzi yake yamenifungia Makka? Sasa kila asubuhi anailaani ile mashine kwa moyo safi. Leo wakati wa chai ameniambia, "Hooyo, wakikuita tena nitakupaka upya, hii imeshatoka." Nikasema insha'Allah. Nikaingia ndani.

Niseme kitu ambacho siwezi kumwambia imamu. Tangu Jumatatu nikielekea kibla kuswali, najisikia kama mtu aliyealikwa, akafika hadi kizingitini, akaambiwa subiri, halafu taa za ndani zikazimwa. Najua si hivyo. Najua Mola hamdhihaki mja wake. Lakini inayojua ni akili, magoti hayajajua.

Na bado sijafika mwisho.

Mchana huu Abdirashid amenipigia. Hakunilaumu, Mungu amlipe. Amesema, "Habaryar, kama kuna mama unayemwamini jikoni kama nafsi yako, nitajie jina lake kesho kabla ya adhuhuri. Usipomtaja, nitachukua mtu yeyote wa Islii."

Yupo. Anaitwa Zeinabu. Nimepika naye miaka, nilimfundisha mimi, hata anavyokunja sambusa ni mkunjo wangu. Pasipoti anayo, tangu alipompeleka marehemu mumewe matibabu India. Na vidole vyake ni safi, kwa sababu ni mjane, na mjane kwetu hapaki hina. Usiku wa dua yangu alikaa pembeni akamshikia Fardosa bakuli.

Ni mtu mwema. Hajui chochote. Baada ya simu hiyo alikuja kunipa pole na mafuta ya ufuta ya kupaka vidole, akanipaka mwenyewe, taratibu, kama anapaka mtoto mchanga.

Na mimi nilikuwa namtazama vidole.

Jibu ninalijua, usidhani silijui. Riziki ni ya Mungu, si ya sufuria zangu. Lakini nimeshika simu tangu adhuhuri na jina lake halitoki. Nikimtaja, atasimama pale nilipotaka kusimama mimi, na atarudi kuniletea maji ya Zamzam, na itanibidi nimpokee kwa furaha. Nisipomtaja, hakuna atakayejua ila mimi na Aliyeniumba. Nimejaribu kumwomba Allah anipe moyo mkubwa. Mpaka sasa moyo ni huu huu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, ungekuwa mimi ungefanyaje? Usinifiche, hata kama ni neno kali. Nijibu upesi tafadhali, kabla ya adhuhuri ya kesho.