Kaburi la Mama na Udiwani wa Idarusi

Usagara, Tanga
12 Februari 2024

Mpendwa kaka Yakoub,

Shikamoo. Hujambo huko Maskati? Wifi na watoto wazima? Sisi huku twamshukuru Mungu, joto tu ndilo linalotukaanga. Barua hii anakuletea Samira, maana kwenye simu nitalia na hutanielewa.

Umeniuliza kwa nini mama hakupelekwa kuzikwa Wete. Haya, nikueleze yalivyokuwa.

Ndugu yetu Idarusi unamjua. Alipovuka kutoka Pemba kuja Tanga alisukuma toroli la nazi, leo ana maduka ya saruji na mabati. Pesa ikamtuma kwenye siasa, akagombea udiwani kwenye uchaguzi mdogo wa kata. Wapinzani wakapata la kusema: huyu ni mtu wa kuja, hana hata kaburi hapa! Kila mkutano ni hilo hilo, watu wanacheka. Lilimkera, wallahi, hata chakula kikawa hakimpiti.

Wiki moja kabla ya kura mama akafariki, mle mle nyumbani kwa Idarusi. Wosia wake sote tuliujua: azikwe Wete, ubavuni mwa baba. Boti ilikuwepo kesho yake asubuhi. Idarusi akasema maiti hacheleweshwi, na shehe akamuunga mkono. Kwa upande wa dini sina ugomvi naye. Nikamwosha mama. Alasiri akazikwa hapa hapa.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, mume wangu Rahimu ndiye aliyenisimulia. Udongo bado mbichi, Idarusi kasimama akawaambia watu, "Haya, sasa na mimi nina kaburi Tanga." Na watu wakaitikia Amin, kaka. Amin! Nilikasirika, nikaondoka matangani bila kumuaga mtu.

Basi kashinda. Sasa ni mheshimiwa, na anataka uje kwenye arobaini ya mama, mpatane kwa hili la kaburi. Sikushawishi uje, wala sikukatazi. Ila moyo wangu mimi haujapoa.

Ukija, kaburi hutahangaika kulitafuta. Kaliwekea kibao cha marumaru: "Mama Mzazi wa Mheshimiwa Diwani." Jina la mama halimo.

Nisalimie wifi Salha na mwanetu Shaib. Rahimu naye anakusalimu sana. Mungu akulindeni huko ugenini, na amlaze mama yetu pema.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Tuhfa binti Wanu