Wino wa Nota za Baba

6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mko salama. Mimi ni mzima, ila mgongo unanung'unika. Tunapaka rangi jengo refu, na ngazi hazina huruma.

Kalamu uliyoniagiza imenitoa jasho. Nilidhani nitaingia dukani, niseme "kalamu ya kuandikia nota," nipewe, niondoke zangu. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza: "Ya kuchovya au ya kujaza? Nibu laini au ngumu? Wino wa kufutika au usiofutika?" Utadhani nimeulizwa jina la babu yake. Nikamwambia, "Mama, mimi ni mpaka rangi. Mwenye kwaya ni baba."

Akacheka, akanitolea nibu, ncha ya chuma yenye mipasuko miwili. Anasema ukiikandamiza kidogo inatoa kichwa kinene cha nota, ukiilegeza inatoa kijiti chembamba. Wino nimechukua mweusi tii, usiofutika. Vyote vimo kwenye kifurushi.

Ila nieleze. Miaka yote umeandika nota kwa kalamu ya kawaida, tena bila kulalamika. Sasa haya ya nibu yametoka wapi?

Mwanao


1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Usishangae mwandiko huu kuwa wa mama yako. Mimi nimebanwa na nota. Nasema, yeye anaandika.

Kalamu ya kawaida inataka kukandamizwa, nami nimechoka kukandamiza. Jibu ndilo hilo. Wimbo wangu mpya upo tayari kwenye karatasi za ovyo. Kilichobaki ni kunakili sauti zote nne waimbaji waweze kuzisoma. Kwaya inatakiwa kuuimba Juni. Nisipomaliza, msaidizi wangu atawarudisha kwenye nyimbo zile zile za zamani, na huu ndio utakuwa umekwisha.

Hiyo nibu yako inakwaruza, inatema wino, inatoboa karatasi. Na wino wenyewe haukauki! Nota zinaburuzika kama zimekanyagwa. Nitafutie kalamu nyingine, na wino unaokauka upesi.

Mama yako anasema ule vizuri.

Baba yako


22 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Poleni na kazi. Mimi naendelea, mgongo nao unaendelea na yake.

Nimerudi kwa mama wa miwani. Nilipomweleza, aliuliza: "Baba yako kalamu anaivuta au anaisukuma?" Kalamu inasukumwaje? Mimi najua toroli ndiyo inasukumwa. Nikamjibu, "Anaandika tu, kama watu." Akaniangalia vibaya.

Baba, hapa nimechanganyikiwa. Ule wino niliujaribu mwenyewe kabla ya kuutuma. Ulikauka kabla sijafunga kizibo. Kwako haukauki kwa nini? Karatasi ina mafuta? Chumba kina unyevu? Au unanywea chai juu ya sauti ya pili?

Nimekutumia kalamu ya kujaza, ncha yake ya mviringo, ambayo huyo mama anasema haikwaruzi hata ikipelekwa kinyume. Na wino mwingine, mwepesi zaidi. Ikishindikana tena, nitumie ukurasa mmoja nimwonyeshe, maana mimi kueleza nimeshindwa.

Mwanao


15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Kalamu sasa haikwaruzi, lakini mambo ya wino ni yale yale. Ukurasa huo hapo. Mwonyeshe huyo mama wa miwani aone haya.

Mama yako anakusalimu. Ameniuliza kama kweli nataka kuutuma. Nimemwambia aandike anachoambiwa.

Baba yako


3 Mei

Baba,

Shikamoo.

Dukani sikufika. Nilikuwa nimeukunjua ukurasa wako juu ya ndoo ya rangi wakati wa mapumziko, na mwenzangu mmoja, tunamwita Mashoto, akainama akauangalia. Akasema, "Nani huyu mwenzangu?"

"Mwenzako nani? Huyo ni baba yangu."

"Basi baba yako anatumia kushoto."

Nikamwambia aache utani. Baba yangu ndiye aliyenifundisha kushika kalamu kwa mkono wa kulia mpaka nikalia. Mashoto akanionyesha shati lake, mkono wa kushoto: rangi tupu, mpaka kwenye kiwiko. "Tazama wino ulivyoburuzwa. Wote unaelekea kulia. Mkono unafuata kinachoandikwa na kukipangusa. Na vijiti vimelalia nyuma. Mimi huyu namjua, bwana."

Nimeutazama ukurasa huo mpaka macho yanauma. Najua vichwa vya nota zako tangu nikiwa mdogo. Hivi si vyako, na ni vyako.

Mkono wako wa kulia una nini? Na kwa nini mama ndiye anayeandika barua? Sijui nikasirike au nifanye nini. Nijibu wewe, siyo mama.

Mashoto anasema yeye akiandika maneno ukutani huanza na herufi ya mwisho na kurudi nyuma, ili mkono uwe kwenye pakavu. Nakili kila mstari hivyo. Wino hauna kosa.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huu ni mwandiko wangu. Mama yako anasema unafanana na wako ulipoanza shule. Nimemwambia asitucheke.

Januari niliamka, mkono wa kulia na mguu vikakataa. Mguu umerudi. Mkono bado umelala. Nilimkataza mama yako kukuambia. Ungepanda gari siku hiyo hiyo, nami sikutaka uje kumtazama mgonjwa. Nilitaka uje kusikiliza wimbo.

Kuanzia mwisho kumesaidia. Nota hazichafuki. Ila naimba kinyumenyume kichwani. Jana besi ilimaliza kabla ya kuanza. Nilicheka peke yangu.

Sauti mbili bado. Msaidizi amekubali kusubiri hadi Julai, basi.

Sasa tatizo ni karatasi. Inateleza, maana mkono uliolala hauishiki. Mama yako ananishikia. Akisinzia anaondoka nayo, na mistari yote mitano ya nota inamfuata.

Njoo unishikie karatasi.

Baba yako