Orodha Zote Hazina Jina Lako

Mpendwa Baba,

Ni miezi saba tangu utoke hapa Gatwekera asubuhi kwenda kazi ya mjengo Kawangware. Fundi wako anasema mliagana jioni, ukashika njia ya kurudi nyumbani. Habari zako zinaishia hapo.

Mimi na Mama tulizunguka hospitali, vituo vya polisi, hata mochari. Kila mahali waliandika jina lako tu, wakatuambia tungoje simu. Mwishowe shirika moja linalotafuta waliopotea, liliposikia nasomea kompyuta, likanipa orodha za wagonjwa, maelfu ya kurasa. Shida ni kwamba jina lako, Wekesa, huyu anaandika Wekhesa, yule Wakeza. Nikaunda programu ya kulinganisha majina herufi kwa herufi, ishike hata yanayokaribiana. Kutwa nzima haikufika nusu.

Nikakumbuka siku Shiru, mtoto wa jirani, alipopotea. Watu walikuwa wanakimbia kundi moja, ukawasimamisha.

"Tukienda wote njia moja tutachelewa. Wewe shika njia ya mtaa wa Raila, nyinyi ya Nyayo Highrise. Mimi naenda upande wa reli."

Ulirudi naye begani, anatafuna ndizi.

Basi nikazikata orodha vipande, nikaomba kompyuta zote za maabara ya chuo, kila moja ikasoma kipande chake kwa wakati mmoja. Kazi ya zaidi ya siku mbili ikaisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Mwalimu akaniambia, "Hii ni kazi safi." Wenzangu wakapiga makofi.

Majina manne yalifanana na lako. Niliwapigia wote simu. Mmoja alipokea mwenyewe, kijana aliyevunjika mguu na kupona. Akasema, "Pole, dada. Si mimi." Wale wengine watatu hawakuwa wewe pia.

Nilitoka nje nikalia, Baba. Hata niongeze kompyuta ngapi, nitaambiwa hupo, ila upesi zaidi. Sijui tena nitafute wapi.

Leo zimekuja orodha nyingine. Hata sijakaa vizuri, programu ilikuwa imemaliza: hakuna. Mama akapiga simu.

"Imesema nini?"

Niliitazama skrini.

"Bado inatafuta, Mama."

"Sawa. Usiizime."

Popote ulipo, Baba, uwe umekula, uwe na mtu anayekuita kwa jina lako.

Ni mimi, kifungua mimba wako