Mashine ya Njia Nne Haiuzwi

Mkolani,
S.L.P. 2206,
Mwanza.
14 Machi, 1998

Mpendwa mdogo wangu Obedi,

Shikamoo uliyoiweka juu ya barua yako nimeipokea, na ninaijibu kabla sijakasirika: marahaba. Natumaini huko Francistown u mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Wifi yangu Gladness anaendeleaje na mguu? Na Precious bado anakataa uji wa huko? Mwambie shangazi yake anasema hana kosa.

Sisi ni wazima. Mama anakwenda bombani na kurudi kwa miguu yake, ingawa anapumzika mara mbili njiani na hataki mtu amwone akipumzika. Mvua hizi za El Nino zimebomoa choo na ukuta wa upande wa jikoni, lakini nyumba imesimama. Mahindi ya bondeni yameoza, mpunga umefurahi. Zile dawa za Mama zilifika salama, asante, wabeja sana.

Sasa nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea Mama kwa sauti. Unasema umesikia kwa baba mdogo Nkwabi kwamba kiinua mgongo changu chote cha kiwandani nimekimalizia kwenye mashine ya kurekodi nyimbo. Unasema mtu asiyesikia vizuri kununua mashine ya sauti ni kichekesho. Unanitaka niiuze haraka kabla haijatuaibisha, nifungue mashine ya kusaga kama wenzangu. Ninakujibu leo, Obedi, na ninaomba usome mpaka mwisho kabla hujashika kalamu.

Ni kweli sisikii vizuri. Miaka kumi na tisa katika idara ya kufuma, mashine zaidi ya mia zikigonga kwa pamoja, sikio la kushoto lilikwenda lote na la kulia limebakiwa na sauti nene tu. Filimbi siisikii. Ndege siwasikii. Kengele ya baiskeli huwa naijua kwa matusi ya mwenye baiskeli. Kiwanda kilipopata wenyewe wapya na sisi tukapunguzwa, hakuna aliyeniuliza masikio yangu nimeyaacha wapi. Basi na mimi siombi ruhusa ya mtu kutumia yaliyobaki.

Ulikuwa umeshaondoka, kwa hiyo jambo la Luhaga hulijui. Sisi wanawake wa idara ya kufuma tulikuwa tukiimba kazini. Kusemezana kulikuwa hakuwezekani kwa kelele, lakini wimbo mtu aliuona mdomoni mwa mwenzake, na mapigo yalikuwa ya mashine zenyewe. Tulipopunguzwa, sita kati yetu tuliendelea kukutana nyumbani kwa Hadiya kuimba. Hadiya unamkumbuka, yule wa idara yetu aliyekuwa chumba cha kukagua vitambaa. Kule kulikuwa kimya, ndiyo maana masikio yake ni mazima. Luhaga, mwenye studio pale mjini, akatusikia kwenye harusi moja, akatuita, akaturekodi nyimbo mbili. Tukarudi nyumbani tukisubiri.

Kanda ilipotoka nilikwenda kuinunua dukani mwenyewe. Kwenye jalada walikuwapo wasichana watatu nisiowajua, nywele zao zimetengenezwa vizuri. Hadiya akaisikiliza, uso ukambadilika. Maneno yalikuwa yetu na wimbo ulikuwa wetu, ila sauti zilikuwa za wale wasichana, na chini yake kinanda. Tukapanda ngazi za studio kuuliza. Luhaga hakuona haya hata kidogo. Alituambia, "Mama zangu, nyimbo zenu zinauzika. Ninyi ndio hamuuziki."

Nikamshika Hadiya mkono tukashuka zile ngazi. Nilipofika chini nilimwambia Hadiya kwamba hatutapanda tena ngazi za mtu. Tutarekodi nyumbani, kwa chombo chetu.

Ndipo tukaanza kutafuta. Usidhani nilinunua kwa pupa, tulizunguka karibu miezi miwili. Kwanza tulikwenda kwenye maduka ya Makoroboi. Tukaonyeshwa redio kubwa ya kaseti mbili, yenye maiki mbili na taa zinazocheza, na bei yake haikunitisha. Muuzaji akamrekodi Hadiya ubeti mmoja, akatupigia. Kwangu ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Nilikuwa nimeshatia mkono kwenye pochi Hadiya aliponisogelea sikio la kulia. "Getruda, hii inakaanga dagaa," akasema. Kulikuwa na mchirizo, kama wa mafuta yakichemka kikaangoni, juu ya sauti yake toka mwanzo hadi mwisho, na mimi sikuusikia hata chembe.

Nikwambie ukweli, siku hiyo niliogopa. Niligundua kwamba kosa ninalopaswa kulikwepa ndilo hasa nisiloweza kulisikia.  Lakini kulipokucha nikajiuliza: mpishi mwenye mafua haachi kupika, anamwita mtu amwonjee. Nikapatana na Hadiya. Yeye masikio, mimi mengine yote.

Tukaenda kwa mwalimu mmoja anayefundisha kompyuta mjini, Josephat. Yeye alituambia siku hizi watu wanarekodi humo humo kwenye kompyuta, mradi iwe na kadi ya sauti ndani yake. Hadiya akaimba, na mimi nikaiona sauti yake kwenye kioo, Obedi, imechorwa milima na mabonde. Nilitamani kulia. Nani kama mimi anahitaji kuiona sauti? Lakini bei ya kitu kile ni nyumba ya bati, na tukiwa bado tunakitazama umeme ukakatika, wimbo ukaenda nao. Josephat akasema kwa kawaida haupotei. Nikamshukuru. Siku nikiwa na uwezo, na umeme ukiwa na adabu, nitarudi kwake.

Aliyebaki alikuwa Yakobo, mpiga gitaa wa bendi ya kiwanda. Bendi ilikufa pamoja na shifti zetu, naye bado anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi kule Nyakato. Tulisikia ana mashine aliyoinunua Nairobi zamani walipokwenda kupiga, na anaiuza. Ni ndogo, kama sinia la chai. Inatumia kaseti ya kawaida, lakini ndani ya kaseti hiyo inapita njia nne, kila moja na sauti yake. Unarekodi ngoma kwenye njia ya kwanza, ukiisikiliza hiyo unaimba kwenye ya pili, na ukikosea ya pili unafuta hiyo tu. Tena umeme ukikatika inakula betri za tochi, kumi kwa mpigo. Nilipoelewa hivyo nilijua nimefika.

Yakobo naye alipojua anayetaka kuinunua ni mimi, akakataa. Akasema maneno ambayo najua na wewe utayapenda: "Mama Getruda, kioo siwezi kumuuzia kipofu."

Nikamjibu, "Mimi sitaki kujiangalia, Yakobo. Nataka wengine wanione."

Yakobo akaipangusa mashine vumbi. Kisha akaiweka mezani, akanipa maiki, akasema kama nitamrekodi Hadiya vizuri mbele yake, ataiuza. Nilitaka kuondoka kwa kiburi, ila kiburi hakirekodi. Nikaweka kiganja cha kulia juu ya spika na macho kwenye mshale unaopima sauti. Mara ya kwanza, kwa woga, niliuacha mshale ulale chini. Hadiya akatikisa kichwa: dagaa tena. Yakobo akanieleza kwamba sauti ikiingia kwa unyonge, ule mchirizo wa kanda unapanda juu yake. Dawa ni kuisukuma hadi karibu na nyekundu bila kuivuka. Nikasukuma. Mshale ulipoingia kwenye nyekundu, kiganja changu kilisikia sauti ikichanika, kama uzi unaotaka kukatika. Hilo nalijua, nimelijua miaka kumi na tisa. Nikapunguza kidogo. Hadiya akaimba beti tatu mpaka mwisho.

Yakobo aliisikiliza mara mbili. Hakunisifu. Alisema tu kwamba bei ni ile ile, na maiki moja iko ndani ya bei hiyo. Na kwa taarifa yako na ya baba mdogo, haikufika nusu ya mashine ya kusaga. Kiinua mgongo kilichobaki ndicho kimenunua bati za jikoni.

Tulidhani kazi imekwisha, kumbe ilikuwa haijaanza. Tulitundika mablanketi kwenye kuta za chumba cha Mama ili sauti isirukeruke, na Mama mwenyewe akakaa mlangoni kuzuia kuku. Tukaimba, na wimbo ukatufia mkononi. Ulianza vizuri, ukapoa, kufika ubeti wa tatu ukawa wa msibani. Tukarudia, ikawa hivyo hivyo. Mchana kutwa. Mwishoni Dorotea, kiongozi wetu wa kuimba, aliketi kitandani akasema labda Luhaga aliona kitu ambacho sisi hatukioni.

Hapo nilikasirika. Nikawaambia sisi si wabovu, ila tangu lini tumeimba bila mashine kutupigia? Nikachukua kigoda cha Mama na vipande viwili vya mbao, nikafumba macho, nikapiga kama ilivyopiga mashine yangu pale kiwandani. Sikuhitaji sikio. Mikono ilikuwa haijasahau kitu, hata kile kikwazo kidogo cha kila baada ya pigo la nne, ambacho fundi alishindwa kukitengeneza. Tukayarekodi mapigo hayo peke yake, urefu wa wimbo mzima, njia ya kwanza. Halafu Dorotea akavaa hedifoni ayasikie, na wengine tukamfuata mkono wake. Nilimwona mgongo unanyooka kama mtu aliyeingia shifti ya asubuhi. Tuliimba mara moja tu, Obedi. Hatukurudia.

Ndiyo hiyo aibu unayoiogopa. Nyimbo nane, mbili za Kisukuma na sita za Kiswahili, na chini ya kila wimbo ni mimi, yule asiyesikia, ninayewashikia wenzangu mwendo. Nyimbo zile mbili za Luhaga tumeziimba upya, na jalada lina picha yetu sote sita tukiwa na vilemba. Tunaiuza soko la Buhongwa na pale Nyakato. Hatujatajirika. Wimbo wa tano una mvumo ambao Hadiya anausikia na mimi siusikii, nikasema uachwe hivyo ulivyo. Redio mpya ya mjini walituambia hauna ubora, tukaichukua kanda yetu tukaondoka.

Mwezi uliopita Luhaga alikuja hapa Mkolani na karatasi ya kusaini. Eti ataisafisha kanda yetu, aitoe kwa jina la studio yake, sote tufaidike. Mama alimkaribisha chai, maana mgeni ni mgeni. Alipomaliza kikombe nikamrudishia karatasi yake. Nilimwambia, "Sisi hatuuziki, Bwana Luhaga. Ulisema mwenyewe." Akaondoka bila kuaga vizuri.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niandike kwa haraka. Jumatatu walikuja wanawake wanne kutoka kiwanda cha samaki, wale wanaokata minofu ya sangara inayosafirishwa Ulaya. Wana nyimbo zao za mezani na wameisikia kanda yetu sokoni. Wakauliza fundi aliyerekodi ni nani. Hadiya akanionyesha, na kwa uaminifu wake akaongeza kwamba fundi huyo hasikii vizuri. Yule mkubwa wao akanitazama, akasema mikono yao nayo imekufa ganzi kwa barafu na bado wanakata minofu. Wanakuja kesho asubuhi, watu tisa. Nimewaambia waje na viatu visivyolia.

Kwa hiyo siuzi. Kama moyo wako bado unataka kunisaidia, na najua unataka, nitumie kanda tupu nzuri za dakika sitini na spiriti ya kusafishia kichwa cha mashine, huku zinapatikana kwa shida. Mashine ya kusaga usinitumie.

Mwalimu Odeta anayekuja huko kufundisha amebeba kanda yetu kwa ajili yako. Isikilize na Gladness mkiwa mmetulia. Usinijibu kwanza kama dada yako, nijibu kama mtu aliyeinunua.

Mama anakusalimu, anasema kifua chako ukifunge nguo. Baba mdogo Nkwabi nitamfikishia salamu zako mwenyewe, nina mengine ya kumwambia. Hadiya na Dorotea wanakusalimu ingawa wanajua ulichoandika. Wasalimie Gladness na Precious, na wote wa kwetu walioko huko.

Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe riziki ya halali, na akupe masikio ya kusikia.

Dada yako akupendaye hata unapokosea,

Getruda