Maoni Yenu Tumeyapokea

Jumanne, Oktoba. Joto la kunata, umeme Magomeni umerudi jioni hii, na mimi najichukia.

Leo Mama Mdogo alifunga duka lake Kariakoo akaja kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge ninayoihudumia. Mimi ndiye katibu wa kamati hiyo: naandaa makabrasha, naita wadau, naandika taarifa. Mama Mdogo ndiye aliyenilea tangu Moshi, na ada zangu zote zilitoka kwenye vitenge anavyouza kwa jumla. Aliposikia Bunge linataka kuwasikiliza wafanyabiashara kuhusu ushuru mmoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakusubiri kubembelezwa.

Ushuru huo ukianza, vitenge vinavyotoka nje ya Jumuiya vitapanda bei mpaka mama wa kawaida avisalimie kwa mbali. Na Mama Mdogo hana biashara nyingine.

Alizungumza vizuri, jamani. Hakutetemeka hata kidogo. "Waheshimiwa, sisi hatukatai Jumuiya. Tunaomba mtupunguzie hapo kwenye vitenge, au mtupe muda tujipange." Mwenyekiti akamsifu, wabunge wakagonga meza. Mimi nikaandika kila neno huku nimeinamisha kichwa, maana niliogopa macho yetu yakutane.

Hakuna wa kumpunguzia.

Mkataba wa ushuru huo umeshasainiwa na wakubwa wa nchi zote za Jumuiya. Bunge linaweza kuukubali wote au kuukataa wote, na wa kuukataa simwoni. Zamani ukija muswada nilishinda na jedwali la marekebisho: futa hapa, ongeza pale, mbunge akitaka kifungu kibadilike namtafutia maneno. Nilijiona mtu. Siku hizi yanakuja makabrasha ya Kiingereza kutoka Arusha, nayafupisha kwa Kiswahili, kisha naweka sehemu ya maoni ya wadau kwa sababu utaratibu unataka iwepo. Siichukii Jumuiya, pengine itatufaa. Ila nimekuwa mkaribisha wageni kwenye nyumba ambayo mambo yake yanaamuliwa kwa jirani.

Bosi wangu amefurahi kweli. "Yule mama ametisha. Kesho tuletee wengine wa Kariakoo, taarifa inapendeza wadau wakiwa wengi." Nikasema sawa, mzee. Ningesema nini? Wala si siri kwamba Bunge haliwezi kurekebisha kitu, imo ndani ya mkataba wenyewe, lakini nani pale Kariakoo ameuona?

Nilimsindikiza Mama Mdogo hadi Posta, nikamfikishia ombi la bosi kwamba kesho aje na wenzake. Akanishika mkono. "Mwanangu, hili la kwangu wataliweka wapi?"

Nikamwambia litakuwemo kwenye taarifa. Sikusema uongo, na hapo ndipo panaponiuma. Alicheka, akasema ndiyo maana alinisomesha.

Jioni yote nimekaa na simu mkononi. Nikimwambia ukweli, kesho yeye na wenzake hawaji, na bosi hatahitaji mganga kujua nani kaongea. Kazi yenyewe ndiyo hii, na watoto wako shule. Nisipomwambia, ninamfanya mama aliyenilea kuwa pambo la taarifa. Nimepanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena. Mwisho nikajiambia basi, nampigia, liwalo na liwe.

Akawahi kupiga yeye.

Nyuma yake kulikuwa na vicheko na sauti ya cherehani. Amewakusanya akina mama wenzake wa mtaa mzima. Kesho wote wanafunga maduka, na wamechagua kitenge kimoja cha sare ili waheshimiwa waone kwa macho yao kinachozungumzwa. Fundi alikuwa anamalizia.

"Tuje saa ngapi, mwanangu?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nasema kweli, nilifungua.

"Saa tatu, Mama. Msichelewe. Chai itakuwepo."