Taa uliyoifunika na sparadra

Maman,

Nataka uisikie kwangu kwanza, mbele mutu mwingine hajakufikishia maneno: gari yako imepona. Haitetemeki tena. Usikasirike, ngoja nikuelezee yote.

Tangu tulipokuzika pale Nyantende, kila siku ya posho, ile Jumamosi ambayo sifundishi, nimekuwa natoka Ibanda asubuhi kwenda kuchukua kule wamama wako, abiria wako wa siku zote. Nawapeleka soko ya Kadutu na sombe yao, maharagi yao, na kelele yao yote, sawa vile ulikuwa unafanya. Wananiita "dereva mupya" mpaka leo. Wanasema nakata kona kama mutu mwenye kubeba mayai.

Na taa ya moteur ilikuwa inawaka kila siku chini ya ile sparadra yako. Unakumbuka? Ulichoka na abiria. "Maman, taa inawaka." "Maman, hii taa ya njano iko ya nini?" Siku moja ukakata kipande cha sparadra, ile plasta ya kufunga kidonda, ukaibandika juu ya taa, ukaandika na biki: NAJUA. Ukawajibu wote mara moja. Nilicheka siku ile mpaka nikashikilia mulango.

Moteur ilikuwa na silinda nne, tatu zinafanya kazi, moja inasinzia. Tu-tu-tu, halafu kimya kidogo. Tu-tu-tu, halafu kimya. Fundi wako, Tonton Déo, alinionya juma lile lile la matanga. Aliniambia: "Furaha, sikia muzuri. Taa ikiwaka tu na kutulia, tembea polepole ufike kwangu. Ikianza kupepesa macho, simama, zima, shuka. Pale esanse, mafuta yenyewe, inapita bila kuungua, inaenda kuwaka ndani ya bomba ya moshi, na ile haina dawa."

Nikasema, "Oui, Tonton." Nikaendelea kuendesha.

Haikuwa kiburi, Maman. Nilikuwa naogopa. Vitambaa vyako tuligawa. Kitanda chako kilienda kwa mudogo wako. Hata harufu ya mafuta yako imeisha kwenye foulard ya kichwa niliyobaki nayo. Ile sauti ya gari ndiyo kitu chako kimoja kilichokuwa bado kinasema. Nikishika usukani, ule mutetemo ulikuwa unanipanda mpaka kwenye viwiko, na nilikuwa nasikia kama tuko wawili. Mutu atengeneze kitu kama hicho kwa sababu gani?

Basi, mwezi uliopita, tulikuwa tunapanda mulima na wamama watano, na unga ya muhogo nyuma imejaa mpaka kwenye vioo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Katikati ya mulima gari ikaishiwa nguvu, na taa ikaanza kupepesa chini ya sparadra. Andiko lako lilikuwa linawaka na kuzimika. NAJUA. NAJUA. NAJUA. Harufu mbaya ikaingia ndani. Koko Nabintu, yule bibi muzee, alikuwa amekaa mbele, kando yangu, mahali pake pa siku zote. Unajua macho yake yaliisha zamani, lakini alisikia kwanza kuliko mimi. Akasema, "Eeh, Furaha, leo inalia vibaya."

Nilitamani kuendelea. Juu haikuwa mbali. Lakini nikafikiri: hii moteur ikifa kabisa, hawa wamama watafanya nini wiki ijayo, na ile ingine? Watabeba juu ya kichwa mpaka Kadutu. Na Koko atabaki nyumbani, basi. Nikasimama, nikazima.

Wanne wakachukua mizigo yao, wakapanda na miguu, wakinitukana kidogo kwa upendo. Koko akabaki na mimi. Nikaanza kulia kama mutoto.

"Unalilia gari?" akaniuliza.

"Nalilia mama yangu, Koko."

"Aah. Lia basi. Ila usiwashe."

Gari ikavutwa mpaka kwa Tonton Déo, akaibadilisha bobine moja na bougie moja, vile vidude vya kuwasha moto ndani ya silinda. Saa moja tu, Maman! Miaka miwili ya kutetemeka, na kazi ilikuwa ya saa moja. Niliporudi nyumbani nilizima, nikabaki nimekaa ndani, mikono kwenye usukani. Ilikuwa kama gari ya mutu nisiyemujua.

Posho iliyofuata nikafika Nyantende. Hakuna mutu aliyetoka. Zamani walikuwa wanasikia ile tu-tu-tu tangu kwenye daraja. Ukifika, wote wako kando ya barabara, mizigo imefungwa. Sasa nilikuwa nimekaa peke yangu, kuku zinapita mbele yangu. Nikaweka mukono kwenye honi, nikakumbuka maneno yako kwamba honi ni ya kuita mbuzi. Nikautoa.

Nikashuka, nikapita nyumba kwa nyumba. Ayii, ugomvi! "Kumbe umefika? Si tulikuwa tunangojea mulio!" Mumoja alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Mwingine alikuwa ndiyo anaweka uji kwenye moto. Wakati walipokuwa wanajitayarisha, walinipatia viazi vitamu na chai, nikakaa. Kwa mara ya kwanza nilikaa ndani ya zile nyumba. Nilicheka, Maman. Walinielezea mambo yako ambayo hukunielezea, na mengine sitayaandika hapa.

Koko nilimukuta wa mwisho. Amevaa, amekaa kwenye kiti kidogo, kikapu kwenye magoti, uso umegeukia barabara.

"Nilizani gari imekufa," akasema. "Sikusikia kitu."

Halafu akaniambia kwamba Tonton Déo alikuombaga mara mbili umuachie gari aitengeneze, na ukamukatalia. Ulimuambia Koko: "Nikiitengeneza, wewe utanisikia na nini?"

Nilisimama pale na viazi mukononi.

Maman, ni kweli? Ao ulikuwa na uvivu tu wa kukaa bila gari hata saa moja? Nakujua. Ulikuwa unaweza kuwa na moyo muzuri na kichwa kigumu siku moja. Siku hizi yote mawili yananifurahisha.

Ile sparadra nimeitoa kwa polepole na ukucha. Nimeibandika juu, kwenye kile kibao cha kuzuia jua, ili taa ikiwaka tena niione. Nikikishusha, nakusoma. Andiko lako halijafutika.

Na sasa nakuahidi kitu kimoja. Sitapiga honi. Nitasimamisha gari, nitashuka, nitaenda mpaka kwenye mulango wa Koko, nitabeba kikapu, nitamupatia mukono. Kila siku ya posho, hata mvua, hata nikiwa na makaratasi ya wanafunzi ya kusahihisha. Usihangaike naye.

Lala muzuri, Maman. Ninakupenda, na niko salama. Ila nikuambie neno hili nimalize. Posho hii imepita nilikuwa napanda kwa Koko, viatu vyangu kwenye kokoto. Sijagonga bado mulango, nikasikia sauti yake kutoka ndani:

"Furaha, nimekusikia! Nakuja!"

Mutoto wako,
Furaha